Reli Yetu Katika Stoo ya Viazi

Tulimzika Kariuki kwao Tetu siku ya mvua. Hema walilokodi halikutosha, na sisi tuliochelewa tulikaa ukingoni, maji yakitudondokea mabegani. Sikuwa upande wa jamaa wala upande wa wenzake wa kazini. Nilikwenda jinsi watu wa rika langu wanavyokwenda mazishini siku hizi, kwa sababu jina lilitajwa kwenye redio asubuhi wakati wa matangazo ya vifo, nami nikashindwa kubaki nyumbani. Kijana aliyeshika maikrofoni alisoma maisha ya marehemu: shule, kazi Nairobi, kanisa, watoto, wajukuu. Kisha akatabasamu na kusema, "Hii sehemu wengi hamjui. Mzee wetu akiwa kijana pale Kiganjo, alijenga reli. Reli nzima, kutoka Sagana mpaka Nanyuki, na treni za mizigo zinatembea, ndani ya chumba! Na alifanya peke yake, bila kusomea mahali." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami, shali imemlowa kichwani, akaniinamia. "Mungu hupea watu vipawa. Ati reli nzima." Nikamwambia ndiyo, ilikuwa nzima.

Mtu hasimami mazishini kumsahihisha aliye ndani ya jeneza, na mjane alikuwa pale mbele na leso mdomoni, mwanamke ambaye hajanikosea lolote. Lakini lile "peke yake" lilinifuata mpaka nyumbani, likaketi nami mezani, na mpaka leo halijaondoka. Kwa hiyo nitaueleza mwaka ule jinsi ulivyokuwa. Habari za wazazi wangu na nilikozaliwa nitaziacha, hazina mkono katika jambo hili. Nitaanza na chumba.

Kilikuwa chumba cha mbao katika ploti ya vyumba vya kupangisha, juu kidogo ya stesheni ya Kiganjo. Nilikuwa na miaka ishirini na nilifundisha shule ya msingi iliyokuwa karibu, mwalimu ambaye hajasomea ualimu, wa kuandikwa muhula hadi muhula. Nilikuwa na kitanda, jiko la makaa, sufuria, meza ya kusahihishia vitabu na dirisha moja. Dirisha hilo ndilo lililonifundisha reli. Wakati huo treni za mizigo zilikuwa bado zinapita, na Kiganjo zilikuwa hazipiti tu, zilisimama zikafanya kazi. Injini iliachana na mabehewa yake, ikaenda kando, ikarudi na mengine, ikayasukuma kwenye ghala la nafaka, ikayaacha hapo, ikachukua yaliyokwisha pakuliwa. Nilikuwa nakula githeri yangu nikiangalia. Taratibu nikaanza kuelewa kwamba kule chini hakuna kitu kinachosogea bila sababu. Behewa la mafuta lililopanda likiwa limejaa lilikuwa lazima lishuke likiwa tupu. Ng'ombe waliopakiwa Nanyuki, waliotoka huko Doldol kwa miguu, hawakuweza kusubiri, kwa hiyo treni yao ilipewa njia na nyingine ikasimama kando. Hakuna aliyenieleza. Niliona tu, siku baada ya siku, kama vile mtu anavyojua mambo ya jirani bila kuuliza.

Chumba cha pili kilikuwa cha Kariuki. Alikuwa fundi wa redio, na kibanda chake kilikuwa Nyeri mjini. Ukuta kati yetu ulikuwa mbao nyembamba, na kabla sijamjua uso nilikuwa tayari nakijua kikohozi chake, na vipande vya nyimbo alizozikata katikati alipokuwa akijaribu redio za watu. Jumamosi moja alibisha mlango akiwa na kitu amekifunika kwa gazeti. Akakiweka juu ya vitabu vya wanafunzi wangu. Ilikuwa injini ya treni, ndefu kama kiganja na vidole vyake, ameikata kwenye kopo la samli akaipaka rangi. Ndani aliweka mota ndogo ya redio ya kaseti. Akaunganisha nyaya kwenye betri, nayo ikanguruma ikavuka meza.

"Inaenda wapi?" nikamuuliza.

"Inaenda tu."

"Treni haiendi tu, Kariuki. Inabeba nini? Inapelekea nani?"

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akavuta kile kibao changu cha kukalia, akaketi. "Niambie," akasema. Ningependa niweze kumchukia kuanzia siku hiyo, ingenirahisishia maisha, lakini siku hiyo alisikiliza kama ambavyo hakuna mwanamume aliyewahi kunisikiliza, na chai ilipoa kwenye vikombe vyote viwili.

Stoo tuliipata kwa Ndirangu, mfanyabiashara wa viazi. Alikuwa amehamishia biashara yake Karatina, na stoo ya Kiganjo ilikuwa imebaki tupu, na udongo mwekundu sakafuni na harufu ya viazi ambayo haikuisha mwaka mzima. Alitupa ufunguo kwa sababu Kariuki alimtengenezea redio, na kwa sababu aliamini stoo yenye watu haivunjwi. Ilikuwa ndefu na nyembamba. Kariuki alitaka tuweke meza katikati na reli izunguke. Nilikataa. Nilimwambia reli yetu halisi haizunguki, inatoka mahali na kufika mahali, na injini ikifika mwisho ni lazima igeuke irudi. Tukabishana mpaka mate yakatukauka. Mwisho tukajenga rafu ya mbao kuzunguka kuta tatu: Sagana karibu na mlango, Karatina kwenye ukuta mrefu, Kiganjo kwenye kona, kisha Naro Moru, na Nanyuki mwisho kabisa, chini ya dirisha.

Yeye alifanya vyuma na umeme, na sitamnyima haki yake. Mikono yake ilikuwa mizuri. Reli alizinyoosha kutoka kwenye waya wa uzio, mita kwa mita, akiuvuta kati ya misumari miwili. Magurudumu yalikerezwa na Mzee Abdalla, aliyekuwa na mashine ya chuma pale Majengo, Nyeri mjini, na kila tulipokwenda kuyachukua mkewe hakuturuhusu tuondoke bila kula. Pilau ile tuliila tukiwa tumeketi kwenye mkeka, mikono ikinuka grisi hata baada ya kunawa, na Mzee Abdalla akimwambia Kariuki, "Huyu binti ana macho. Usimpoteze." Kariuki alijibu, "Nimpoteze nimpeleke wapi, Mzee?" Wote tukacheka. Mabehewa ya mafuta aliyatengeneza kwa makopo ya dawa ya kunyunyizia kahawa, na viungo vya kushikanisha mabehewa vilikuwa vibanio vyangu vya nywele, alivyovikunja kwa koleo.

Mimi nilifanya nchi. Nilipika uji mzito wa ngano, nikachovya magazeti ya zamani ndani yake, nikayatandaza juu ya matawi na waya mpaka yakawa vilima. Yalipokauka niliyapaka rangi. Majani chai yaliyokwisha tumika, nikiyakausha juani, yalikuwa udongo mzuri kuliko rangi yoyote. Maranda ya mbao niliyachovya kwenye rangi ya kijani yakawa mashamba. Kahawa ilikuwa kuvu la miti nililobandua msituni, na nililipanda kwa mistari, kama kahawa inavyopandwa huko Karatina kwenyewe. Jumapili nilishuka mpaka kwenye daraja la Sagana kuangalia nguzo zake, nikarudi kuzijenga kwa vijiti. Na mlima nao. Mlima ulinichukua wiki nyingi, maana ukipanda na treni kutoka kusini uko mkono wa kulia, na kila stesheni huuona kwa sura yake. Pale Karatina vilele vimejificha nyuma ya mabega, ukifika Naro Moru vimekujia usoni. Nilijenga miinuko yake ikitokeza kutoka ukutani, na nyuma nikachora vilele juu ya mbao, na theluji nikaiweka kidogo, mahali inapokaa kweli, si kama kofia ya sherehe.

Ila kitu nilichojivunia hakikuonekana kwa mtu aliyeingia na kutoka. Kila behewa nililiwekea mbegu kwenye kijishimo juu yake. Mbegu ya mahindi ilimaanisha linakwenda Nanyuki. Haragwe jekundu, Karatina. Njahi, yale maharagwe meusi, Sagana. Punje ya mpunga, Kiganjo. Behewa likifika linakokwenda, mbegu inaondolewa, linapakuliwa, linapewa mbegu nyingine. Kwa hiyo Kariuki akishika injini hakuwa anachezea, alikuwa na kazi: mchele wa Mwea uliofikishwa Sagana kwa lori kutoka Wang'uru uende Nanyuki, magogo ya mierezi ya Naro Moru yashuke, na akifika Kiganjo aipishe treni ya ng'ombe. Mara ya kwanza tulipoendesha mchana mzima bila kugongana wala kusahau behewa hata moja, alinishika mikono yote miwili na kunizungusha kwenye udongo wa viazi. "Nyaguthii, hii imekuwa nchi!" akapiga kelele. "Hii si mchezo, ni nchi!"

Ukuta wa mbao ulipitisha sauti pande zote mbili, na mimi niliwasikia majirani kama nilivyomsikia yeye. Mama Njoki, aliyekuwa na chumba cha mwisho, alikuwa akifua nje ya dirisha langu na kumwambia mwenzake, "Yule mwalimu ameingia stoo na kijana tangu mwaka uanze. Na hawaleti mtoto, wanaleta treni." Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Nilicheka na mimi, huku ndani, bila sauti. Sikuona aibu. Kariuki alikuwa ameshasema kwamba baada ya Krismasi atawapeleka wazee kwetu, na nilipokuwa nikisafisha brashi zangu nilikuwa nikimtunga moyoni mtoto ambaye angejua majina ya stesheni zote kabla ya kujua kuhesabu.

Katikati ya mwaka niliitwa chuo cha ualimu. Nilikuwa nimeomba mara mbili bila jibu, na safari hii nafasi ilikuja, niripoti mwezi unaofuata, mbali na Nyeri. Nilikwenda stoo kumwambia Kariuki nikiwa na furaha iliyochanganyika na hofu. Alikuwa amelala chali chini ya Karatina akiunganisha nyaya. Hakutoka kule chini kwa muda.

"Na Naro Moru nani atamaliza?" akauliza.

"Nitakuja likizo."

"Likizo." Akatoka, akajifuta mikono. "Mimi siwezi kutengeneza mlima. Wewe unajua siwezi. Ngoja hii mwaka tu iishe. Tumalize, watu waone, halafu wazee waje kwenu, halafu uende chuo ukiwa mke wangu. Chuo itakimbia iende wapi?"

Nilimwandikia mkuu wa chuo nikaomba nafasi yangu isogezwe hadi mwaka uliofuata. Mwalimu mkuu wangu, mwanamke mwenye maneno machache, aliposikia aliweka chaki chini. "Umewapea nafasi yako," akasema, "ndio ufanye nini?" Nikamwambia kuna kazi ninaimalizia. Hakuuliza kazi gani. Aliokota chaki akaendelea kuandika ubaoni, na mgongo wake ulinieleza yote.

Tulifungua mlango wa stoo Jumapili moja baada ya kanisa. Watu wa Kiganjo walijaa mpaka nje. Wanaume waliokuwa wamevaa suti walichuchumaa kuangalia treni ikipita usawa wa macho yao. Mzee mmoja alitafuta shamba lake kwenye vilima vya Karatina na akadai amelipata. Gadi wa treni za mizigo, yule anayesafiri behewa la nyuma, aliyeitwa Kamotho, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipita mbele ya dirisha langu bila kujua namtazama, alivua kofia akafuata treni yetu ukuta hadi ukuta, mikono nyuma. Ilipofika Naro Moru akatikisa kichwa. "Unaongeza mwendo mapema," akamwambia Kariuki. "Hapo ng'ombe wangu wote wangekuwa wamelala chini." Kariuki akapunguza mwendo. Kamotho akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, akasema, "Umeweka hata lile jiwe." Kweli nililiweka. Kulikuwa na jiwe kubwa kando ya reli kabla ya kufika Naro Moru, na nililiweka. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kwa kazi ile, na nimeitunza.

Habari zilipanda na reli yenyewe mpaka Nanyuki. Wiki chache baadaye alikuja Bwana Gathogo, mtu mwenye hoteli ya watalii huko, amevaa koti la ngozi, ana sauti ya mtu aliyezoea kuletewa. Nilimsalimia, nikaenda nyuma ya stoo kwenye jiko kuandaa chai na viazi vya kuchemsha. Nilikuwa nikimenya viazi niliposikia sauti zao kupitia mbao.

"Na hii yote umefanya wewe?"

"Ni mimi."

"Pekee yako?"

Kisu kilikuwa kimesimama kwenye kiazi.

"Peke yangu, mzee."

Niliingia na sinia. Kariuki alinipokea, akanishukuru, akanitazama machoni bila kupepesa. Nikajiambia sikusikia vizuri. Nikajiambia mtu akiwa mbele ya tajiri hutetemeka akasema lisilokuwepo, na kesho atalirekebisha. Nimefundisha watoto miaka mingi baada ya hapo, na nimeona jinsi mtoto anavyojidanganya kwamba jibu lake ni sahihi wakati kalamu nyekundu iko tayari juu ya daftari. Huwa siwacheki. Usiku ule Kariuki alinieleza kwamba Gathogo anataka reli ikae kwenye baa ya hoteli, wageni waione, na yeye Kariuki apewe kazi ya kuiendesha na kutunza umeme wa hoteli nzima. "Tutaenda wote," akasema. "Watakuja kuichukua shule zikifungwa. Utaipanga mwenyewe."

Hawakungoja shule zifungwe. Niliacha darasa siku ya kawaida, nikashuka na mfuko wa maranda niliyokuwa nimeyapaka rangi, nikakuta mlango wa stoo uko wazi na Ndirangu anafagia. Kulikuwa na alama za msumeno ukutani pale rafu zilipokatwa. Kwenye udongo kulikuwa na mbegu zimetawanyika, mahindi na maharagwe, na kuku wa jirani alikuwa ameingia anazila.

"Lori lilikuja saa ya chai," Ndirangu akasema, bila kunitazama. "Kijana amesema atakutumia neno." Akaendelea kufagia. Kisha akasimama. "Mwalimu, mimi nilidhani unajua."

Neno halikutumwa. Nilingoja mpaka Desemba, ndipo nikaenda mwenyewe. Nilivaa gauni la buluu ambalo Kariuki alikuwa akilipenda, na hilo ni jambo linaloniudhi hadi leo kuliko mengi mengine. Baa ya hoteli ilikuwa na meko ya mawe na vichwa vya wanyama ukutani. Reli yetu ilikuwa imewekwa juu ya kaunta ndefu iliyozunguka chumba, na ilikuwa inazunguka. Wamekata Sagana wakaiunganisha na Nanyuki. Njia za kando za Kiganjo, ambako injini ilikuwa ikiacha na kuchukua mabehewa, hazikuwepo. Mabehewa ya ng'ombe, ya mafuta na ya mchele yalikuwa yamepangwa kwenye kabati la vioo kama mapambo, na kwenye reli yalipita mabehewa matatu ya abiria, mekundu, mapya, yakizunguka na kuzunguka mbele ya watu waliokuwa wakinywa bila kuangalia. Mtu alikuwa amepaka theluji kwenye mlima wangu mpaka miguuni. Juu ya mashamba ya kahawa ya Karatina walikuwa wamesimamisha tembo wa plastiki.

Mhudumu alinikuta nikichungulia kabati. "Hizo zilikuwa na mbegu ndani," akasema kwa urafiki. "Tulidhani ni panya wanaficha chakula. Tulizitoa zote."

Kariuki alitokea mlango wa jikoni akiwa na Bwana Gathogo. Amevaa sare, na nywele zimekatwa vizuri. Aliponiona alisimama, na niliona uso wake ukitafuta mahali pa kwenda. Gathogo akaniangalia, akamwangalia yeye. Hakunikumbuka. Mwenye kuleta sinia hakumbukwi.

"Mgeni wako?"

"Ni jirani wa kule Kiganjo," Kariuki akasema. "Alikuwa ananisaidia kupaka rangi."

Nilikuwa nimejipanga kusema mengi. Nilikuwa nimeyarudia tangu Kiganjo. Lakini Gathogo alikuwa ameshanyoosha mkono, na mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikaushika. "Umefanya vizuri, msichana," akasema. "Lakini theluji ilikuwa kidogo. Imebidi tuongeze."

Kariuki alinisindikiza mpaka langoni. Alisema tajiri alitaka mtu mmoja, si wawili. Alisema treni isiyozunguka inachosha wageni. Alisema nisielewe vibaya, akipata nafasi nzuri ataniita. Nikamuuliza habari ya wazee. Akatazama barabara. "Hiyo tuiache kidogo kwanza," akasema. Jua lilikuwa kali na mlima ulikuwa wazi kabisa nyuma yake, kilele hadi chini, na nakumbuka nilimtazama yeye na mlima pamoja, nikaona kwamba kati ya hivyo viwili kimoja nilikuwa nimekichora vibaya, na si mlima.

Januari nilikwenda mwenyewe chuoni kuuliza nafasi yangu. Mtu niliyemkuta ofisini alikuwa mpole. Alisema nafasi haziwekwi, wasichana wanaozingoja ni wengi, niombe tena kama kila mtu. Niliomba. Niliomba kwa miaka, na nilipoitwa tena nilikuwa mama wa watoto wawili wa mtu mwingine, na darasani niliketi na wasichana walionisalimia kwa kuinama. Muda ule wote nilifundisha kwa malipo ya asiyesomea, shule hadi shule, nikipanga vitu vyangu kwenye sanduku kila mwisho wa muhula.

Kariuki alirudi Kiganjo mara moja, mwaka uleule niliokataliwa chuoni, mvua ndefu zilipokuwa zikiisha. Alibisha mlango wangu akiwa amebeba sukari na mkate. Alikuwa amekonda. Nilimwekea kiti, nikawasha jiko, naye akaanza kuzungumza kabla maji hayajachemka. Reli ilikuwa inakufa. Hewa ya jikoni ilikuwa imelainisha vilima, panya wa kweli wamekuja wakatoboa mlima kwa sababu ya uji wa ngano, na upande wa Naro Moru ulianguka kwenye supu ya mgeni. Gathogo alikuwa amempa muda mfupi airekebishe la sivyo aiondoe.

"Nimejaribu," akasema. "Nimepika huo uji. Inapasuka tu. Nyaguthii, kuja siku chache. Wewe tu ndio unaweza."

Nikammiminia chai. Sikuwa na hasira wakati ule, ajabu ni hiyo. Nilitaka kwenda. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kupima upya ule mteremko wa Naro Moru, na nilijua mahali alipokosea, alikuwa hangoji tabaka moja likauke kabla ya kuweka jingine.

"Nitakuja kesho," nikamwambia. "Sitaki kitu. Lakini tukiingia pale, utamwambia Bwana Gathogo nani alijenga hii nchi. Utamwambia mimi nikiwa nimesimama hapo."

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nje Mama Njoki alikuwa akianika nguo, na nilisikia kila kibanio alichobana. Kariuki alitazama chai, akatazama dirisha langu, ambako chini kabisa treni ya mizigo ilikuwa inapanga mabehewa yake, moja moja, bila haraka.

"Nilishamwambia vingine," akasema. "Nitaonekana mwongo."

"Utaonekana."

"Atanifukuza."

"Labda hatakufukuza. Labda atacheka tu."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na nilimpa muda wote aliotaka. Kisha akanywa chai mpaka mwisho, akaweka kikombe mezani taratibu, akasimama.

"Basi wacha," akasema. "Wacha tu iharibike."

Ni Kamotho, yule gadi, aliyeniletea habari. Treni yake ilikuwa imesimama Kiganjo, naye akapanda mpaka shuleni wakati wa mapumziko, kofia mkononi kama mtu anayeleta tanzia. Alisema Kariuki amepata kazi Nairobi, Gathogo mwenyewe ndiye aliyemtafutia kwa rafiki yake, na ameshakwenda. Reli waliivunja. Mbao na vijiti walivitia kwenye tanuri la maji ya moto nyuma ya hoteli, na wageni wakaoga. Watoto wa shule walikuwa wakipiga kelele kutuzunguka, na ilibidi aniinamie ili nisikie.

"Na mlima?" nikamuuliza.

"Huo ulisumbua," Kamotho akasema. "Walitia ndani ukakataa kushika moto kwa unyevu. Ulitoa moshi tu, ukajaa jikoni, ukaingia vyumbani. Watu walitoka nje wanakohoa, tajiri pia."

Nilifurahi kusikia hivyo. Nilifurahi kwa roho mbaya kabisa, nikiwa nimesimama katikati ya watoto na chaki mkononi, na sijawahi kuitubu furaha ile.